Siku Niliyoiona Mvua Yote

Kwa miaka mingi nilijua mahali mbingu inapoishia. Ni Naitiri. Ukisimama uwanjani kwetu, huku upande wa Kitale, ukaangalia kusini, kuna mstari wa miti na mbingu imekaa juu yake. Mstari ukionekana, anika mahindi. Ukipotea, mvua imefika Naitiri, kusanya. Siku moja nilienda Naitiri kununua mbuzi, nikakuta mstari umehamia mbele, upande wa Kamukuywa. Nikasema ni vumbi.

Mwaka ule simu za mkono zilikuwa zimeanza kuingia kijijini. Mahindi yetu yote yalikuwa kwenye turubai, yamebakiza jua la siku moja. Nilitia punje kwenye chupa pamoja na chumvi kavu, nikatikisa, chumvi ikashika kwenye kioo: bado yana maji. Ukiyafunga namna hiyo yanapata joto ndani ya gunia, yanaoza. Yakinyeshewa, yanaoza vilevile. Na hicho ndicho chakula mpaka mavuno mengine.

Saa nane mwanangu akapiga simu kutoka Bungoma anakofanya kazi. "Mama, huku inamwaga! Ingizeni mahindi." Mara radi ikanguruma hata huku kwetu, kwa mbali.

Mke wake, mwalimu wa shule ya msingi, ninayekaa naye, alikuwa ameshashika gunia. "Tukusanye, Mama."

"Si mstari ule pale? Bado."

"Mama, ule mstari hauko Naitiri. Hauko mahali popote. Ni pale macho yanapofika ukisimama chini. Dunia imejipinda, inaficha ya mbele. Ukipanda juu, unasogea."

"Ati unasogea! Una miguu?"

"Basi niache nipande paa la ghala, nione kama mvua inakuja."

"Hupandi." Kwetu mwanamke hapandi paa. Akipanda, watu wanauliza kama boma halina mwanamume. "Ukianguka nitamwambia mume wako nini? Kwamba alioa paka?"

Alicheka, lakini gunia hakuliachilia. Nikaegemeza ngazi mwenyewe. Mimi ni mjane, nimezaa nikamaliza. Mwenye swali aje aniulize.

Nilipanda vidato viwili, sikuona kitu. Kwenye cha tano mstari ukaondoka. Ile miti ikawa miti tu, na nyuma yake mashamba, na nyuma ya mashamba bati la kanisa likimetameta, halafu miti mingine ambayo sikuijua. Kila nilipoinua mguu, nchi ilitoka mahali ilipokuwa imejificha. Nikatambaa juu ya bati, nikasimama.

Hapo nikaiona. Maisha yangu yote mvua nimeijua nikiwa ndani yake, au nikiikimbia. Sikuwa nimeiona yote: kichwa mawinguni, miguu ikikanyaga mashamba ya watu, na jua likiwaka huku na huku. Kitu kimoja, kina mwanzo na mwisho, kinatembea. Radi ilimulika ndani yake na mlio ukachelewa kunifikia. Nikasema, "Mungu wangu." Sisemi hivyo ovyo.

"Mama! Tukusanye au?"

"Nyamaza kwanza."

Nilitazama kando zake. Upande wa kushoto uliachilia miti, ikawa kijani tena. Upande wa kulia ukameza mingine. Ilikuwa inaelekea Mlima Elgon. Haikuwa yetu. Huko chini majirani walikuwa wanakimbizana na magunia.

"Weka gunia chini," nikamwambia.

"Una hakika, Mama? Kila mtu anakusanya."

"Hao wako chini."

Nikashuka polepole, nikaishika ngazi. "Haya, panda."

"Mimi? Na mume wangu je?"

"Panda bana, kabla haijafika mlimani."

Alipanda. Huyo ambaye hata akisonga ugali anafundisha, alisimama juu pale akigeuka polepole, kutoka kushoto hadi kulia. Nikangoja. Nikachoka kungoja.

"Unauona mwisho wake?"

"Nauona, Mama." Sauti ilikuwa ndogo, kama ya mtoto aliyepewa kitu asichokiomba. "Wote."

"Na mstari?"

"Uko mbele tu."

Jua lilikuwa bado kali kwenye turubai. "Basi shuka," nikasema, "tuyageuze."