Kofia Zilizofunika Masikio

Kaka yangu alikuwa mganga wa zahanati pale Nanyala, miaka ile reli ya kwenda Zambia ilipokuwa inajengwa kupita kwetu. Alikuwa mganga msaidizi tu, lakini watu walimwita daktari, naye alishachoka kuwasahihisha. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mara tatu kwa wiki, vipindi vikiisha, nilipanda baiskeli kwenda kufundisha watu wazima kusoma katika kijiji kipya upande wa Ihanda. Tulikaa nyumba moja, kwa kuwa yeye alikuwa hajaoa wala mimi sijaolewa.

Barabara kuu ilikuwa imetiwa lami juzijuzi. Zamani malori yalijikongoja kwenye matope, mtu wa baiskeli akayapita huku anawasalimu madereva. Sasa yalikuwa yanapita kama upepo, na sisi tuliendelea kuendesha palepale katikati, na magunia ya kahawa kwenye keria, kana kwamba njia bado ni ile ya zamani.

Kilichombadilisha kaka ni mkulima mmoja aliyeanguka na baiskeli mteremkoni. Alikuja zahanati kwa miguu yake mwenyewe, anacheka kwamba suruali yake mpya imechanika. Hakuwa na jeraha. Alikaa kwenye benchi, akaomba maji, akasema kichwa kinamgonga kidogo. Adhuhuri alikuwa amekufa. Kaka alirudi nyumbani akakaa bila kuvua viatu. "Sikuona hata damu," aliniambia. "Alikuwa anaongea na mimi."

Wakati huo vijana wetu waliokuwa vibarua wa reli walikuwa wanarudi makwao, kila mmoja na kofia yake ngumu ya kazi. Kofia zile zilitumika kwa kila kitu isipokuwa kichwa: zilipimiwa maharage, zilinyweshewa kuku maji. Kaka alianza kuziomba. Alipita nyumba hadi nyumba mpaka akapata tisa. Shida ilikuwa kwamba hazikukaa kichwani. Ukipita kwenye shimo, kofia inaruka. Ndipo akaenda kwa fundi.

Fundi cherehani alikuwa Mnyamwezi kutoka Tabora, Mwislamu, mtu mwembamba mwenye mzaha. Alikuwa anakaa na mke wake chumba cha uani nyuma ya duka la ushirika. Siku za soko alifunga cherehani yake kwenye keria akaenda Mlowo kushona. Alizigeuzageuza kofia zile, akacheka, kisha akazishughulikia kwa wiki nzima bila malipo. Ndani aliweka sponji kutoka kwenye godoro bovu, akashonea mikanda ya kidevuni kwa kaki ngumu.

Kaka alizipeleka kwenye mkutano wa kijiji. Nilikuwepo. Mzee mmoja alisimama akasema, "Daktari, baba yangu aliendesha baiskeli tangu wakati wa Mwingereza. Hakuwahi kuvaa sufuria." Watu wakacheka. Lakini mama mmoja muuza ndizi hakucheka. Aliuliza, "Kwa nini tuvae sisi? Wanaotuua ni wenye malori. Kawaambie wao wapunguze mwendo."

"Mama, unasema kweli," kaka alimjibu. "Lakini lori silo langu. Likishapita, anayeletwa kwangu ni wewe."

"Basi ukitufunika vichwa, wao wataongeza mwendo."

Mazungumzo yakahamia kwenye habari za shamba la kijiji. Kofia zilizochukuliwa siku ile zilikuwa nne: ya kaka, yangu, ya fundi, na ya kijana mmoja aliyeipenda rangi yake.

Ukafika mwezi wa sita. Anayeijua wilaya yetu ya Mbozi mwezi wa sita anajua upepo wake. Nilikuwa nikirudi kutoka kufundisha masikio yanauma kama yamekatwa. Siku moja nilisimama kwa fundi nikamwambia, "Fundi, hebu niwekee kitu hapa pembeni. Masikio yangu yatakatika."

"Mwalimu anataka kofia yenye masikio!" alisema, akacheka. Alikata vipande viwili vya blanketi, akavikunja mara mbili, akavishona pande zote mbili chini ya mkanda. Nilipoivaa, joto liliniingia hadi shingoni. Fundi aliipenda kazi yake mwenyewe. Siku iliyofuata niliona naye ameitia ya kwake masikio.

Niseme na hili, maana ndilo nililonyamazia. Wiki ileile wanafunzi wangu waliniita kwa nyuma barabarani, wakaniita tena, nisisikie mpaka mmoja akaja mbio akashika keria. Tulicheka. Nilifikiri nitamwambia fundi ayapunguze unene masikio yale. Sikumwambia. Palikuwa na baridi, nami nilikuwa nayapenda.

Siku ya soko, asubuhi, nilikuwa darasani niliposikia watu wakikimbilia barabarani. Fundi alikuwa amegongwa na tela la lori karibu na kona ya kutokea Nanyala. Tela liliipiga kwanza cherehani iliyojitokeza pembeni, ikamvuta chini. Nilimkuta kaka amepiga magoti kwenye lami, mkono wake juu ya kifua cha fundi, kifua ambacho hakikuwa tena na umbo la kifua. Kofia ilikuwa kichwani bado, mkanda umefungwa vizuri, haina hata ufa.

Dereva alikuwa amekaa kando ya tairi. Alirudia jambo moja kwa kila aliyefika. "Nimepiga honi. Nimepiga honi tangu kule juu. Hakusogea. Kwa nini hakusogea?"

Watu walisema fundi alikuwa ana mawazo yake. Mimi nilikuwa nayatazama yale masikio ya blanketi.

Alizikwa alasiri ileile. Waislamu wenzake walikuja kutoka Mlowo wakasaidiana na wanakijiji kuchimba. Mimi nilikaa ndani na mke wake pamoja na wanawake wengine. Hakulia kwa sauti. Alikuwa anatazama mlango tu.

Kesho yake kofia ya yule kijana tuliikuta mlangoni pa zahanati. Barabarani watu waliambiana, "Si mmeona? Kofia nzima, mtu hayupo." Hakuna aliyemtukana kaka, na nadhani hilo lilimuumiza zaidi. Jioni moja aliweka kijiko chini katikati ya kula akasema, "Mimi ndiye niliyemwambia avae. Labda ilimpa ujasiri wa kukaa katikati ya barabara. Yule mama alisema."

Nilikuwa na neno la kumwambia pale, nikamwongezea mboga.

Mwaka haukuisha, akaomba uhamisho kwenda Ileje, kwenye milima ambako baiskeli zenyewe zilikuwa za kuhesabu. Alifanya kazi huko hadi alipofariki. Nilimweleza habari ya masikio ya kofia mara moja tu, nilipomtembelea. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ungeniambia siku zile," akatoka nje kuwaangalia wagonjwa wake. Hakuwa na hasira. Alikuwa tu amekwisha kulibeba kosa lile peke yake, na halikuweza tena kugawanywa.

Lakini kabla ya kaka kuhama nilikuwa nimemwambia mtu mwingine. Mke wa fundi alimaliza eda, ndugu zake wakamwandikia arudi Tabora. Siku moja kabla hajaondoka nilikwenda kwake. Chumba kilikuwa kitupu, mizigo imefungwa kwa kamba. Alinikaribisha nikae kwenye mkeka.

"Dada," nilianza, "mimi ndiye niliyemwomba fundi ashone masikio kwenye kofia. Yanaziba. Mimi mwenyewe nilikuwa sisikii nikiyavaa. Nilijua, na sikumwambia. Nadhani hakuisikia ile honi."

Niliinamisha kichwa, nikangoja anifukuze. Alikaza kamba ya mzigo uliokuwa karibu naye. Kisha akauliza polepole, "Yanaziba kiasi gani?"

"Mtu akikuita kwa nyuma husikii."

"Hata akiita kwa nguvu?"

"Hata kwa nguvu."

Alifunika uso kwa kanga. Nilifikiri ni hasira, kumbe alikuwa anatafuta maneno ya kuniambia. Alisema, "Mwalimu, usiku wa kuamkia siku ile tuligombana. Jambo dogo tu, habari ya kwenda nyumbani kwetu. Asubuhi alivaa kofia yake hapo mlangoni, akatoka bila kuniaga. Nikaona aibu, nikamkimbilia nje na chakula chake. Nimemwita. Nimemwita mpaka jirani akatoka. Hakugeuka. Miezi yote hii nimekuwa najiambia, alinisikia, akaninyamazia, akafa ana kinyongo na mimi."

Alinishika mkono, akaubana.

"Kumbe hakusikia," alisema. "Kumbe hakusikia, mwalimu." Akaanza kulia kwa sauti, kilio ambacho hakukitoa siku ya mazishi, na katikati ya kilio akawa ananishukuru.

Nilikaa naye mpaka aliponyamaza. Alininawisha uso kama vile mfiwa ni mimi, akanisindikiza hadi barabarani. Malori mawili yalipita, tukasimama pembeni kuyapisha. Nilirudi nyumbani polepole. Hadi siku ile nilikuwa na shaka tu moyoni, nayo shaka humwachia mtu upenyo. Sasa nilikuwa najua kwamba honi hakuisikia.