Hesabu Iliyopitwa na Mvua

Kuwabara Shizue aliingia kazini akiwa msichana, katika kituo kimoja cha kompyuta kuu mjini Kobe, Japani, mashine za kujaza ukumbi mzima. Kazi aliyopewa ndiyo aliyozeeka nayo: programu ya kutabiri mvua za ghafla. Mama yake aliishi peke yake bondeni, nyumba ikipakana na mto, na kuhama hakutaka. Basi Shizue akamwahidi kwamba ipo siku mashine itamaliza hesabu kabla mto haujajaa, naye atampigia simu atoke.

Zamani ahadi hiyo haikuwa nzito. Mashine ya zamani ilipozimwa, wafanyakazi walijipanga wakaiinamia kuiaga, wakaiwekea kikombe cha pombe ya mchele. Mpya ikaja, na programu ileile ikakimbia maradufu bila yeye kugusa kitu. Akazoea kungoja mashine ijayo. Hapo ndipo alipokosea.

Kwani chipu, vijibamba vya mashine vinavyopiga hesabu upesi zaidi kila vinapofanywa vidogo, zilifika udogo usiopunguzika tena, na kuzihimiza zaidi ni kuziunguza. Mashine ya mwisho haikuja na mwendo, ilikuja na wingi wa chipu. Shizue akaikatakata ramani ya mvua, kila chipu na kipande chake.

"Imekuwaje?" akauliza.

Nishiwaki, mwenzake wa meza ya pili, akajikuna kichwa. "Imechelewa zaidi, dada. Kila chipu inamuuliza jirani mawingu yamefika wapi, halafu inangoja jibu. Hii si kompyuta, ni kikao cha wakuu wa idara!"

"Zipunguze."

"Nilizipunguza juzi. Zikiwa chache zinalemewa."

Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Hapa hata wachache hawakukifikisha.

Alasiri moja ya Agosti wingu zito lilikaa juu ya bonde. Shizue akaanzisha hesabu, akampigia mama yake.

"Mashine yako inasemaje?"

"Bado, mama. Wewe toka tu, panda shuleni kule kilimani."

"Mwaka jana ulinitoa hivyohivyo, nikalala na vikongwe wanaokoroma, na hata panya hakulowa. Ikisema, nipigie. Nina magimbi jikoni."

Jibu lilitoka wakati mvua imeshahamia baharini. Lilikuwa sahihi: lilisema mto utavunja kingo palepale penye nyumba, na ulikuwa umeshavunja.

Nishiwaki alilisoma, simu ya Shizue ikiita bila kupokelewa. "Dada, labda alipanda ghorofani."

"Nyumba haina ghorofa," Shizue akasema, akapiga simu tena.