Faida za Mikoko ya Mzimuni

Mwanajuma na mimi tunalima mwani hapa Mlingotini tangu usichana wetu, na mdomo wake haujawahi kuwa wa kunyamaza. Lakini mtaalamu wa uchumi, kijana mpole aitwaye Sufiani, alipomuuliza mikoko ya Mzimuni inampa nini, alijibu haimpi kitu. Nami nikajibu hivyo hivyo. Kijiji kizima kilijibu hivyo.

Tunaswali na tunafunga, na shehe ametukemea kwa kwenda kuomba kule hadi kachoka. Ila kilichotoka Mzimuni hakitajwi. Ukikitaja, wenyewe wa kule, wasioonekana, wanakirudia kukichukua.

Basi Sufiani akayatia majibu yetu kwenye kompyuta, katika ile hesabu yake ya kupima uchumi wa pwani pamoja na vile tunavyopewa na bahari na misitu. Mzimuni ikatoka sifuri. Tukaitwa mkutanoni, tukaelezwa kwamba kwa kuwa mikoko ile haimfai mtu, mpango mpya unapendekeza ikatwe, pachimbwe mashamba ya chumvi.

Wanaume wetu wakaangalia vidole vya miguu yao. Mashujaa hao! Aliyesimama ni Mwanajuma.

"Ile mikoko ndiyo inayovunja mawimbi," alisema. "Bila yake mwani wangu haukai."

Sufiani alifurahi, akauliza mbona hakusema mapema. Mwanajuma alikwisha keti.

Bamvua iliyofuata, maji yalipokupwa sana, tulishuka shambani pamoja. Kamba zangu zilikuwa zimejaa mwani. Zake, jirani kabisa na zangu, zilikuwa nyeupe, mwani umelainika na kukatika ukiugusa. Wataalamu walisema ni joto la maji. Haya, joto. Lakini joto gani hilo linalochagua kamba za mtu? Mwanajuma alizifungua polepole, akaniambia mwani hupandwa tena. Lakini mimi nilijua alichobakiwa nacho kutoka Mzimuni.

Hapa sisemi alipewa nini Mzimuni. Nasema tu kwamba alizika vichanga wawili, akaenda kule peke yake na ubani, na leo ana Hajra, binti wa kidato cha pili.

Sufiani alirudi, safari hii nyumbani kwa Mwanajuma, nami nilikuwepo. Alisema thamani ya Mzimuni imepanda, ila chumvi bado inaizidi kidogo. Faida moja tu nyingine, kubwa, ingeigeuza hesabu. Hata mambo ya imani siku hizi yanapimwa, alisema, watu wasione haya.

Hajra akaja na maji ya kunywa, akamwamkia mgeni, akasimama pale pale mlangoni. Upepo ulikuwa umekata. Upande wa Mzimuni hakulia hata ndege, na nilihisi kabisa kwamba huko nako kuna wanaosikiliza.

"Mama, hakuna kingine ulichowahi kupata kule?" Sufiani aliuliza.

Mwanajuma alimtazama binti yake. Niliogopa atasema, na niliogopa asiposema.

"Hakuna, mwanangu."

Sufiani alishukuru, akanywa maji yake, akaaga.

Wiki hii misumeno imeingia Mzimuni. Tunaisikia tangu asubuhi tukiwa jikoni. Kila mti unapoanguka, Mwanajuma huacha anachofanya, humwita Hajra kwa jina lake, kisha hungoja aitikie.