Ndoo ya Juisi na Kostimu ya Kocha Trésor

Jamani, hii mimi huwa siisimulii, wanaoisimulia ni wengine, na kila mmoja akifika katikati anaongeza ndoo yake, mpaka juzi nimesikia kwamba zilikuwa ndoo tatu na moja ilikuwa ya rangi ya kupaka nyumba. Haikuwa rangi. Ilikuwa juisi, ndoo moja, nami nikaona afadhali niiseme mwenyewe, kwa sababu mwenye aibu ni mimi na hata hiyo juisi niliikoroga mimi.

Pale Greyville, mtaa wetu wa Durban, wananiita Amerika. Si kwamba nimefika (hata kiwanja cha ndege cha Durban nakijua kwa kupita nje), ila ninafanya kazi kwenye duka la simu, na wateja wakipungua naangalia video ambazo binamu yetu anatuma tangu yeye na watoto wake walipochukuliwa na mpango wa wakimbizi kwenda kuishi kule. Nimejifunza mengi. Ule mpira wao wa mikono wanaouita futiboli, wanacheza kidogo, wanasimama, wanainamiana kujadili kama wazee wanaojadili mahari, halafu wanaanza tena, na mwisho wanajiita mabingwa wa dunia wakati wamecheza wao kwa wao! Na siasa zao sasa. Mwaka ule rais wao mweusi alipochaguliwa mara ya pili, yule aliyeshindwa alimpigia simu usiku uleule kumpongeza. Nilipowaambia jamaa dukani hawakuamini. Kwetu aliyeshindwa anazima simu.

Lakini kitu nilichokipenda kuliko vyote ni ndoo. Timu yao ikishinda mechi kubwa, wachezaji wanamjia kocha kwa nyuma polepole, wanainua ndoo yenye kinywaji na barafu, wanammwagia kichwani mwaaa, na kocha anacheka, wanakumbatiana, wanalia. Nilikuwa nikiona hiyo, machozi yananitoka pale dukani, mteja anauliza chaja ya simu mimi napangusa macho. Nikasema moyoni, siku timu yetu ikishinda, kocha wetu naye atapata heshima hiyo.

Sasa kocha wetu. Anaitwa Trésor, mtoto wa Bukavu, na siku za kazi analinda magari ya watu pale ufukweni, amevaa kile kizibao cha kung'aa, anaelekeza madereva kwa mikono miwili kana kwamba anateremsha ndege. Lakini siku ya mapumziko! Jamani, Trésor ni mtu wa sape. Kuvaa kwake ni kazi, ni dini ya pili. Timu ya vijana wa kanisa anaifundisha akiwa ndani ya kostimu, yaani suti kamili, na viatu vya ngozi ya mamba, jua liwake lisiwake, na ukimuuliza anakujibu, "Mdogo wangu, mpira unachezwa na miguu, lakini yanayoushinda ni macho."

Kingine ni kwamba Trésor alikuwa anampenda dada yangu mkubwa, yaya Furaha (kwetu yaya ni dada, si mlezi wa mtoto), anayesuka nywele saluni. Yaya ni mzuri, ni mchapakazi, na ana hasira ya karibu sana (aliwahi kumtoa mteja nje akiwa amesukwa nusu kichwa kwa sababu alimsema vibaya mama yetu). Mchumba wa kwanza alitoroka sababu ya sahani iliyoruka. Na aliyetulea sisi wawili ni tonton Zakaria, mdogo wa baba, muuza viatu wa Isipingo, naye hakutaka hata kumsikia Trésor.

"Mtu analinda magari wiki nzima, siku ya mwisho anavaa kama waziri," tonton alikuwa anasema. "Sasa mwanamke atakula kravati?"

Yaya akalia, akanuna, akakataa kupika, mpaka tonton akachoka akasema basi, aje Jumamosi saa tisa, nimsikilize mara moja tu. Akichelewa, mlango umefungwa na maneno yameisha.

Jumamosi hiyohiyo tulikuwa na fainali kule Bluff dhidi ya vijana wa kanisa la Warundi. Trésor akapanga kutoka uwanjani moja kwa moja hadi Isipingo, kwa hiyo alikuja amevaa ile kostimu yenyewe, ya rangi ya maziwa, iliyotoka Paris, ambayo hata kwenye ubatizo wa mtoto wa pasta hakuivaa. Wote tulijua ni ya nini. Mimi pia nilijua! Hilo ndilo watu wananiuliza mpaka leo, ulijua ama hukujua, nami nawajibu nilijua, lakini furaha ikipanda kichwani inasukuma vitu vingine nje.

Mimi ni mchezaji wa akiba, wa akiba kabisa, kazi yangu kubwa ni vinywaji. Nilikuwa nimekoroga juisi ya unga ya stroberi, ile nyekundu, na barafu nyingi sababu joto lilikuwa kali. Tukaongoza mbili kwa moja, dakika zimekwisha, kila mtu amesimama. Refa akapuliza filimbi.

Nikainua ndoo. Nilikuja kwa nyuma polepole kama nilivyoona kwenye video, na nikamimina yote.

Wapenzi, juisi haikuanguka kama ya Amerika. Kule inaruka, inang'aa. Hii iliteremka taratibu, ikaingia kwenye kola, ikajaza mifuko, kipande cha barafu kikabaki begani kwake kimekaa kama ndege. Trésor hakugeuka. Alisema neno moja tu, "Eish."

Na hapo refa akapaza sauti, "Bado! Bado! Ni faulo tu! Toeni huyo na ndoo yake!"

Upande wa Warundi walianguka chini kwa kicheko. Mama mmoja akapiga kelele, "Wakongomani muko munabatiza kocha! Kumbe alikuwa hajaokoka bado?" Na mwenzake, "Mumuongezee ndoo, huyo dhambi zake ni za kostimu!"

Nilitaka ardhi inimeze. Lakini sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo ninapojivunia yule mtu. Trésor alipangusa miwani yake kwa kidole, akasogea mstarini huku anachuruzika juisi, mwekundu kama nyama ya buchani, akaita, "Rudini nyuma wote! Nani anamkaba namba tisa? Msiniangalie mimi, angalieni mpira!" Warundi wakapiga ile faulo, kipa wetu akairukia akaipangua, na filimbi ya kweli ikalia. Tumeshinda! Wakambeba kocha juu, na kila aliyembeba akatoka na mikono inayonata.

Tulipomshusha ndipo tukaangaliana. Saa nane imepita, kurudi Greyville kubadilisha haiwezekani, na jezi za wenzangu wote ni jasho na matope. Nguo kavu ya kumtosha ilikuwa moja tu, kwenye mfuko wangu: seti ya mpira wa kikapu ya Kimarekani niliyoinunua mitumbani, fulana isiyo na mikono na kaputula refu, nimeiweka ya kusherehekea ushindi. Mimi fulana yake inanifika magotini. Yeye ilimkaa vizuri ajabu. Tatizo, ilimkaa vizuri kwa kurusha mpira, si kwa kuposa. Chini alivaa vilevile vya mamba.

Pasta alitubeba nyuma ya bakkie yake, ile pikapu ya kanisa. Trésor alikuwa amekunja kostimu ndani ya plastiki, ameipakata kama mtoto mgonjwa.

"Kocha, nisamehe," nikaanza.

"Petit, nyamaza kwanza. Ukiongea nasikia baridi."

Tulifika wakati tonton anatazama saa ya ukutani. Alimwangalia Trésor kuanzia mamba mpaka mabega, akarudi tena kwenye mamba.

"Huyu ni nani?"

"Ni mimi, papa. Trésor."

"Trésor wa kostimu?"

"Ndiyo, papa."

"Na kostimu iko wapi leo, siku ninayoingoja?"

Nilijua sasa kocha atanitaja, na ana haki. Lakini Trésor akainamisha kichwa. "Kulikuwa na ajali ndogo ya juisi, papa. Naomba radhi kuingia kwako hivi." Basi. Hakugeuza hata jicho kwangu.

Nikamsoma tonton usoni kama wale watangazaji wa uchaguzi wanavyosoma ramani yao, limebaki jimbo moja na halijaamua. Ghafla macho yake yakashuka kwenye mikono yangu, ambayo nilikuwa naificha nyuma.

"Weye. Leta mikono."

Ilikuwa myekundu mpaka kwenye kiwiko. Ikabidi nieleze, Amerika, video, ndoo, heshima, filimbi, nikawa nazidi kujizamisha. Kutoka jikoni nikasikia mfuniko umeanguka, na yaya Furaha akatokea na mwiko.

"Ulimwagia NANI?"

Alikuja kwangu kweli, si mchezo, nami nikajikunja. Trésor akasimama katikati, mwiko ukampata yeye begani, pale palipokuwa wazi sababu ya fulana yangu. Hakukunja hata uso.

"Mwache, Furaha," akasema kwa sauti ya chini. "Mdogo wako alitaka kuniheshimu. Sisi na filimbi tu ndiyo hatukuelewana."

Yaya akateremsha mwiko. Tonton akamuuliza Trésor mimi nikiwepo, "Alipokumwagia, ulimpiga?"

"Hapana, papa."

"Ulimtukana?"

"Alisema eish," nikajibu mimi.

Tonton akakaa. Akavua kofia, akajifuta uso, nikaona mabega yanacheza, kumbe anacheka. "Mimi huyu binti nimemlea," akasema. "Ndani ya hii nyumba vitu vinaruka. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kuikataa kostimu, maneno mazuri kabisa, tangu juzi. Sasa umeniletea mtu asiye na kostimu, anamwagiwa anatulia, anapigwa mwiko anatulia. Huyo sina maneno naye. Furaha, leta viti."

Nililia pale pale, na sikujificha.

Kostimu ilifuliwa mara nyingi, ikakataa kurudi kwenye maziwa. Ilibaki na wingu la waridi kuanzia kolani hadi mifukoni. Trésor alifanya nini? Akatafuta kravati ya waridi, kitambaa cha waridi, na akaivaa siku ya harusi yake na yaya, na watu wa sape walikuja kuishika-shika wakimuuliza ni fundi gani wa Paris. Mimi nilisimama hapo nyuma kifua mbele, fundi mwenyewe.

Amerika naipenda bado, na siku nikifika nitawaambia. Ila nimeapa, sitaiga tena kitu cha kwenye video kabla ya kukitazama mpaka mwisho, maana baadaye niliangalia vizuri: makocha wao wanavaa jaketi za klabu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anatoka pale kwenda kuposa. Na hata nikiapa haisaidii. Mpaka leo, nikiingia kwao nimeshika glasi, hata ya maji, shemeji yangu anasimama, ananisalimia vizuri, halafu anavua koti kwanza.