Matope ya Mama Mukwe

Mimi, hakuna kitu cha kunishangaza tena. Niliona muji wetu wa Kindu ukikosa chumvi, niliona reli ikiota majani, niliona wanaume wenye diplome wakiuza viatu vyao ili wapate muhogo. Mimi sikuuza kiatu, sikuwa nacho. Masomo yangu yaliishia darasa la tatu. Lakini wakati ule wa vita, treni ya kusini ilipoacha kufika, na wenye bunduki wakawa wananyang'anya samaki wa Lualaba ndani ya pirogi za wavuvi, mimi nilivuka mto mpaka Alunguli na jembe moja. Nikachimba bwawa katika kinamasi ambacho kila muntu alikiogopa.

"Anachimba kaburi lake," walisema. "Tena pana!"

Tilapia wa kwanza niliwatoa katika dimbwi la zamani, nikawabeba ndani ya bidoni ya maji. Niliwalisha pumba ya mupunga na muchwa. Ni kwangu watu walikula samaki wakati wengine walikula sombe, majani ya muhogo, isiyo na chumvi wala mafuta.

Siku ya kukausha bwawa ilikuwa na desturi yake. Niliingia kwanza, nikatoa wakubwa. Kisha alifika mama mukwe wangu, mama ya bibi yangu, na wanawake wenzake, vikapu mukononi, vikwembe vimefungwa juu ya magoti. Kwetu mwanaume hawezi kusimama ndani ya maji pamoja na mama mukwe wake. Akitia muguu tu, wewe unatoka, unageuza mugongo, na kilichobaki katika matope ni chake, mpaka visamaki vya ukubwa wa kidole. Miaka yote niliwasikia wakicheka nyuma yangu, nikajiambia: ule ni utajiri wangu unaondoka ndani ya vikapu.

Leo samaki wa katoni, wa barafu, wanashuka na ndege, wagumu kama matofali, na bei yao ndogo ilianza kuninyang'anya wanunuzi. Ningeshindwa, bwawa lingekufa, na watoto wangu wanne wangefukuzwa masomoni. Mimi, kushindwa na samaki aliyekufa? Haiwezekani! Nikapiga hesabu yangu: visamaki vile vikibaki ndani vitakua, nitauza mara mbili.

Basi, siku ya kukausha ilipofika, nilipomaliza kutoa wakubwa, sikutoka. Nilibaki katika matope mpaka kiunoni, nikiokota visamaki na kuvitia katika beseni. Mama mukwe akafika ukingoni, hawezi kushuka. Na kwa kuwa hatusemeshani uso kwa uso, bibi yangu alisimama kati yetu.

"Muulize bwana yako kama muguu yake iliota mizizi."

"Mama anauliza..."

"Nilisikia. Mwambie mama kazi iko bado."

"Mwambie mukwe wangu tutangoja."

"Mwambie mama jua ni kali, asiungue."

"Mumuache!" mwanamuke mumoja akaita. "Iko anazaliwa mara ya pili!"

Wote wakacheka, isipokuwa mama mukwe. Aligeuza kikapu chake chini juu, akaenda. Mimi nikarudisha visamaki katika maji mapya. Tangu siku ile bibi yangu aliniwekea chakula bila kusema karibu.

Samaki niliwalisha kuliko miaka yote. Ukitupa pumba, maji yote yanatetemeka. Wakati wa kuvuna nikaalika wanunuzi wa soko kuu, nikafungulia maji. Samaki walijaa kila mahali, na hakuna hata mumoja aliyefika kiganja. Vidole tu! Vidole vyenye mayai mudomoni! Walikuwa wamezaa, watoto wao wamezaa, na wote wanagombania sahani moja. Mununuzi mumoja akaokota kimoja.

"Papa, hii ni ya kukula ao ya kuchokonoa meno?"

Wakaenda kununua katoni. Sikushangaa. Nilikaa tu chini.

Msinifundishe. Nilielewa pale pale kwamba vile vikapu njo vilikuwa vinawapa samaki wangu nafasi ya kukua. Asiyechimba bwawa asinicheke. Nilikodi vijana wapunguze visamaki, wakachoka kabla ya saa sita. Na hakuna mwanamuke wa Alunguli aliyekubali kutia kikapu katika maji yenye matusi ndani yake. Nikamtuma bibi yangu kwa mama yake. Akarudi na jibu:

"Mama anasema matope haina hasira, lakini yeye iko nayo. Anataka mbuzi, kikwembe kwa kila mumoja wao, wote sita, na chakula cha kukaa pamoja."

Wanaume wenzangu walisema nikatae. Nilikataa wanaume wenzangu. Mama mukwe alitia muguu, nikageuza mugongo, vikapu vikajaa mpaka jioni. Sasa tilapia wangu anaenea sahani, anaruka juu ya mizani, na yule wa katoni amelala pembeni yake kama jiwe. Waulize wanawake wa soko wanachagua nani. Mbuzi, vikwembe, muchele, mafuta na chumvi nililipa mimi mwenyewe, bila kuomba wapunguze: faranga elfu mia tatu themanini na tano na mia tano.