Siku Mjomba Alipoingia Kwenye Intavyu Yangu

Kaka yake mama alijulikana Kangundo nzima kwa kujadili mahari. Ukoo ukiwa na binti aliyechumbiwa, aliitwa yeye. Alikuwa akivaa koti lake la kahawia, anaweka kofia gotini, kisha anaongea habari za mvua na kahawa mpaka wageni wenyewe wanaomba mazungumzo ya mbuzi yaanze. Dada zangu wawili waliolewa kupitia mdomo wake, na mashemeji zangu hadi leo wakimwona hunyoosha shati.

Mimi wakati huo nilikuwa nafundisha ushonaji katika chuo kidogo cha ufundi karibu na kwetu. Mshahara ulikuwa mdogo, tena ulikuja ulipojisikia. Viwanda vya nguo vilikuwa vimechipuka kule EPZ, eneo la viwanda vya kuuza nje, Athi River, na wasichana niliowafundisha kushika mkasi walikuwa wakirudi Krismasi na viatu vizuri kuliko vyangu. Kiwanda kimoja kilipotafuta mwalimu wa washonaji wapya, niliomba, nikaitwa intavyu.

Jioni ya kuamkia siku hiyo nilimwambia mama kwamba mashine haziniogopeshi hata kidogo. Kinachonitisha ni lile swali la mshahara.

"Wakiniuliza nataka ngapi, niseme nini?"

"Sema chochote watakachotoa," mama akasema. "Bora kazi."

Mjomba alikuwa amekuja kunywa chai. Aliweka kikombe chini.

"Chochote? Sijaona mtu aliyepewa chochote akashiba. Kesho naenda na wewe."

"Mjomba, siolewi. Naenda kuandikwa kazi."

"Si ni kitu kimoja? Unatoka kwetu unaenda kwao, wafaidi mikono yako. Lazima kuwe na mtu wa kuongea."

Nilidhani anatania. Asubuhi nilimkuta barabarani na koti lake la kahawia, viatu vimepakwa rangi.

Kwenye geti la kiwanda nilimwomba abaki na walinzi. Akakubali upesi mno, nikatia shaka. Nilipogeuka kumtazama, alikuwa ameshapewa kiti, na mlinzi mmoja kijana anamwambia, "Sasa mzee, niaje?" naye anajibu, "Niaje," kana kwamba salamu hiyo ya vijana amezaliwa nayo.

Ndani walikuwepo watu wawili. Mmoja alikuwa meneja, mgeni kutoka Asia aliyejifunza Kiswahili chake kwa washonaji, hivyo alikisema kwa kasi na bila ngeli. Mwenzake alikuwa mama wa makamo, afisa wa wafanyakazi, Mkamba kama mimi. Walinipa mashine yenye uzi uliokuwa ukikatika. Nikaitengeneza. Wakanipa kola niishone, nikaishona. Meneja aliigeuzageuza kola ile akatikisa kichwa kwa furaha. Halafu likaja swali.

"Wewe nataka pesa ngapi?"

Nilitazama dari, nikatazama kola niliyoishona.

"Sisi iko na elfu saba," meneja akanisaidia.

Ilikuwa zaidi ya nilichokuwa nikipata chuoni, na neno "sawa" lilikuwa limeshafika menoni. Lakini nilikumbuka nauli, nikakumbuka chumba nitakachopanga, nikasema kitu ambacho hata mimi kilinishangaza: "Naomba nitoke kidogo, nikashauriane na mjomba wangu."

"Mjomba iko wapi?"

Nikaonyesha dirishani. Yule afisa aliinuka kutazama, akashika mdomo.

"Huyo mzee! Huyo ndiye alitutoa jasho siku tulienda kumwombea kaka yangu mke! Tulifika asubuhi, tukatoka na tochi. Tafadhali, abaki huko huko."

Meneja alitaka kuelezwa ni jasho la nini. Alipoelezwa, alicheka mpaka akavua miwani. "Kwetu pia iko mjomba kama hii," akasema. "Ita yeye."

Nilitamani sakafu ipasuke. Mjomba aliingia amevua kofia, akawasalimu kwa mikono miwili, na alipomtambua yule afisa akamuuliza habari za kaka yake na watoto, mmoja mmoja kwa majina. Aliomba maji. Alikunywa polepole. Akamuuliza meneja kama ana mabinti.

"Mbili."

"Basi tutaelewana," mjomba akasema, akakaa. "Sisi huyu mtoto hatumuuzi. Tunamleta akae na nyinyi. Sasa nataka kujua: mchana atakula wapi?"

Meneja alimtazama afisa. Afisa akasema wasimamizi hula kantini bila kulipa, na mwalimu anaweza kuhesabiwa pamoja nao.

"Asante. Na jioni mkichelewa kufunga, nani anamfikisha mlangoni?"

Basi la kiwanda, wakasema, litampitisha.

"Asante sana. Na kulala?"

Hapo ndipo posho ya nyumba, ambayo hakuna aliyekuwa ameitaja, ilipotokea mezani. Mpaka dakika hiyo mjomba hakuwa ametamka neno mshahara. Meneja mwenyewe ndiye aliyechoka kungoja.

"Mzee, mimi naweka nane. Maliza."

Mjomba alifumba macho kama anavyofanya kwenye mahari mbuzi wakitosha, na nikajua yuko karibu kukubali. Mahari aliijua, lakini kazi ya kiwandani hakuijua. Nikasikia sauti yangu mwenyewe.

"Mjomba, ngoja kidogo."

Wote watatu wakanigeukia. Nilimwambia meneja kwamba wasichana kadhaa walioketi kwenye laini zake za mashine nimewafundisha mimi, aulize. Nikasema mshonaji mpya akifundishwa vibaya anaharibu kitambaa kingi, na kitambaa ni ghali kuliko mimi. Nikasema nataka elfu kumi.

Meneja hakucheka safari hii. Alitoka nje kwenye laini, akakaa huko kidogo, akarudi.

"Wao nasema wewe iko kali," akasema. "Tisa sasa. Miezi tatu ikiwa kazi nzuri, kumi. Tunaandika."

"Iandikwe," nikasema mimi. Mjomba aliweka kofia kichwani, ishara kwamba mambo yamekwisha.

Afisa alitusindikiza hadi getini akilalamika kwa Kikamba kwamba ukoo wetu utawatia Wakamba wote umaskini. Tulikula nyama choma kibandani, mjomba akalipa bei aliyotajiwa bila kubishana. Nilipomshangaa akasema amechoka kwa leo.

Nyumbani mama alikuwa amepika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, na majirani walikuwa wamejaa. Mjomba alisimulia yote tangu getini. Katika simulizi yake ya kwanza, mwishoni niliongea mimi. Aliposimulia tena kwa waliochelewa, nilikuwa nimeitikia kwa kichwa tu. Kufikia sufuria linaisha, meneja alikuwa amesimama akimsihi mzee achukue elfu kumi, nami sikuwemo hata chumbani. Mama alinikonyeza, akaniongezea chakula.