"Nakaa," Nilimwambia Askari wa Geti

Karatasi ilikuwa imebanwa chini ya waipa ya pikapu yangu, na gurudumu la mbele lilikuwa limefungwa chuma cha njano. Faini ya shilingi elfu mbili na mia tano. Chini yake mtu alikuwa ameandika sababu kwa kalamu: mkaazi, hana stika.

Nililisoma mara mbili hilo neno mkaazi. Nilitoka Buruburu nikiwa na miaka kumi na tisa. Tangu hapo nimekaa Nakuru, Voi, Busia, Eldoret, kisha Voi tena, nikirekebisha vyerehani, na sasa nina chumba Kariobangi ambacho sijakipaka rangi kwa sababu sijui kama nitamaliza mwaka. Lakini koti lile la Buruburu, nyumba ishirini hivi zinazotazamana, ndimo nilimolelewa. Katikati palikuwa na udongo mtupu tulipochezea mpira mpaka mama zetu watuite kwa majina yote matatu. Siku hizi pamewekwa matofali ya kabro na mistari myeupe ya kuegesha magari. Kamati ya wakaazi imeajiri kampuni ya kulinda geti na kutoza faini.

Siku hiyo nilikuwa nimempelekea jirani yetu wa zamani cherehani chake. Yeye ndiye aliyekuwa akishona sare za shule za koti zima, na sasa amestaafu lakini bado hawezi kuona pindo limefumuka akanyamaza. Nilidhani nitakaa nusu saa. Alinipikia chai, akaniuliza habari za dada yangu, akanifungulia dirisha la nyuma nione mpera uliokuwa wetu, na saa tatu zikapita.

Mgeni hupewa saa mbili za bure, kisha hulipa mia moja kwa kila saa inayozidi. Kwa hiyo kama mgeni nilikuwa nadaiwa mia moja. Kama mkaazi asiye na stika ya kamati kwenye kioo, nilikuwa nadaiwa faini nzima, ambayo ni kazi yangu ya karibu wiki. Walinifungulia gurudumu baada ya kusaini kwamba nitalipa ama nitajieleza kwa maandishi ndani ya siku saba.

Jambo lenyewe lilitokana na neno moja. Nilipofika getini, askari, mwanamke wa miaka thelathini hivi, alikuja dirishani na daftari akaniuliza, "Unakaa?" Nikamjibu, "Nakaa." Akainua chuma cha kizuizi, nikaingia.

Kariobangi ninapanga juu ya karakana ya jirani anayechomelea mageti ya vyuma. Nilimwonyesha karatasi. Aliisoma akiwa bado amevaa miwani yake ya giza.

"Usitoe hata bob moja," akasema. "Mimi ndiye huwachomelea hayo mageti. Ukiwakazia wanalegea."

"Niwaambie nini?"

"Waambie ulidhani anakuuliza kama utakaa sana. Unakaa, ama unashusha mzigo na kutoka? Nani atabisha?"

Kweli hakuna ambaye angebisha. Neno linabeba yote mawili, kuishi mahali na kubaki kwa muda, na mtu akikuuliza "unakaa" tu, unaweza kuchukua upande unaokufaa. Nilifurahi mpaka jioni nilipompigia dada yangu mkubwa simu.

"Kwani yeye alikuwa anakuuliza nini?" dada akasema.

"Si ndiyo hiyo haijulikani."

"Wewe unajua. Tangu tutoke hapo unazunguka Kenya nzima ukitafuta mtu akuulize hivyo. Lipa. Hiyo ni bei ya kujifanya." Kisha akaniuliza kama mpera bado unazaa.

Sikulala vizuri kwa sababu ya dada, si kwa sababu ya faini. Askari alikuwa ameuliza huku akielekeza kidevu kwenye nyumba. Nilimwelewa. Nilimwelewa na nikafurahi, kwa sekunde ile moja, kwamba mtu aliyeshika daftari ameniona kama wa pale.

Siku ya sita nilikwenda kwenye ofisi ya kamati, chumba kidogo kando ya geti. Katibu alikuwa mwanamume wa makamo aliyevaa sweta na miwani iliyofungwa kamba. Alinikaribisha kiti.

"Eleza, bwana. Askari alikuuliza nini?"

"Aliniuliza unakaa, nikasema nakaa."

"Namba ya nyumba hakuuliza?"

"Hakuuliza."

Akaacha kuandika. "Basi hilo limeisha. Mkaazi lazima aulizwe namba ya nyumba. Wewe andika kwamba ulidhani anauliza kama utakaa muda, na kwamba hakukuuliza vizuri. Tunafuta. Unalipa ile mia moja, unaenda zako."

"Na yeye?"

"Kampuni itamtoa hapa. Pengine watampa geti lingine." Hilo "pengine" alilisema akinitafutia kalamu.

Nilitoka na karatasi nikaketi kwenye ukuta mfupi wa maua. Askari aliniona, akaja na daftari lake kwapani.

"Buda, umekuja kunichoma kwa katibu?"

"Bado sijaandika."

"Mimi nilikuuliza poa. Nikasema unakaa, ukasema nakaa. Tena na uso wa mtu wa hapa."

"Mbona hukuniuliza namba ya nyumba?"

"Nilikuwa nikufuate ndani nikuulize, lakini ungejiona. Wageni wote wakikata hiyo kona ya ndani hugonga ukingo wa mtaro. Wewe ulipita bila hata kuangalia. Nikasema huyu ni wa hapa, ni vile tu amenunua gari juzi, ndiyo hana stika."

Tuliigeukia pikapu yangu, iliyokuwa nje ya geti, mlango mmoja ukiwa wa rangi tofauti.

"Hiyo ndiyo umeona ya juzi?"

"Nilikuwa nakuheshimu," akasema, na alicheka kidogo, kisha akaacha. "Hili geti nimelingoja miezi minne nyumbani bila kazi. Andika chenye kilifanyika, basi."

Alirudi kazini. Mtaro ule niliujua kwa goti langu la kushoto, ambalo bado lina alama ya kuanguka kwenye ukingo huo na baiskeli ya kukodi. Niliandika hivi: Askari aliniuliza kama ninakaa hapa. Nilimwelewa vizuri. Nilijibu nakaa, na sikai. Nilikaa zamani. Kosa la jibu ni langu. Nikasaini na kuweka namba ya simu.

Katibu alisoma, akavua miwani.

"Hii haikusaidii."

"Naona."

"Siwezi kufuta kitu kwa barua kama hii."

"Naelewa."

"Na namba ya nyumba? Hukuandika kwamba hakuuliza."

"Angeniuliza ningempa," nikasema. "Ningempa ile yetu ya zamani. Bado naikumbuka."

Aliiweka barua kwenye faili. Nililipa kwa simu pale pale, ujumbe ukaingia kwake na kwangu karibu kwa pamoja, akanipigia mhuri. Jirani yangu wa mageti aliposikia hakuniongelesha kwa siku mbili. Dada alisema vizuri, kisha akasema ningeweza hata hivyo kuomba wapunguze. Hilo sikuwa nimelifikiria.

Baada ya wiki tatu jirani yetu wa zamani alinipigia kwamba mkanda wa cherehani umelegea. Nilipofika getini askari ni yule yule. Alikuja dirishani, akafungua daftari.

"Mkaazi ama mgeni?"

"Siku hizi mnauliza hivyo?"

"Tumeambiwa wote tuulize hivyo. Ni kwa sababu yako." Akangoja. Nyuma yangu gari likapiga honi. "Buda, sema."

"Mgeni."

Akaandika. Niliona akiandika, kwa herufi kubwa, na kando yake saa.

"Masaa mawili," akasema, na chuma kikainuka.

Nilikata ile kona ya mtaro bila kuangalia. Kwenye kioo nilimwona amesimama na daftari, anatikisa kichwa.